Siku Niliyoziba Mto Ndarugu

Kuna watu wa Ngoingwa ambao hadi leo wakiniona nikishuka kwenye boda huinamisha vichwa na kucheka chini kwa chini, na siwalaumu, kwa sababu mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama katikati ya ibada ya ukumbusho, mbele ya mama yake mzazi na pasta na viti vyote vya kukodi vikiwa vimejaa, akampaka ndugu yake marehemu filla usoni. Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa namna nyingi na watu ambao wengine hata hawakuwepo, na kila mmoja huongeza chumvi yake (hakuna mtu aliyekalia sufuria ya pilau, huo ni uongo), kwa hivyo wacha niseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa, aibu yote, pamoja na ile sehemu ambayo wasimuliaji huiruka kwa sababu haichekeshi.

Kazi yangu ni skimu. Mwashi akishapiga plasta na kuondoka, naingia mimi na ndoo ya filla, ule uji mweupe wa kuzibia kuta, bapa la chuma na msasa, naziba kila tundu, nasawazisha kila bonde, mpaka ukipitisha kiganja ukutani unahisi kama unapapasa yai. Zile fleti mpya za Ruiru, hasa upande wa Mugutha ninakoishi, nyingi kuta zake zimepita mikononi mwangu. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, lakini ukuta naujua. Ukiwa na bonde la unene wa ukucha naliona kutoka mlangoni. Huo ndio ujuzi wangu, na kama mtakavyoona ndio ugonjwa wangu pia: sijui kuona tundu nikaliacha.

Kaka yangu Gitau alikuwa mtu wa reli. Si dereva wa treni, hapana, alikuwa mmoja wa wale wanaotembea juu ya njia kwa miguu, nyundo ya mpini mrefu begani na spana mkononi, wakigonga na kusikiliza na kukaza kilicholegea, kati ya Ruiru na Thika, kwenda na kurudi, jua na mvua, miaka mingi, mpaka mapafu yakamkatalia. Alipoacha kazi alihamia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yao hapo Ngoingwa na kuanza kujenga reli ndogo ya kutosha juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa milango miwili ya zamani iliyounganishwa kwa urefu na kulazwa juu ya miguu ya mbao, na juu ya milango alipanga foamu nyeupe ngumu, ile inayokuja imekumbatia televisheni na friji ndani ya katoni, ili iwe ndiyo ardhi. Treni yake ilikuwa ya betri, ameitoa kwa wauza mitumba Thika mjini, lakini stesheni ya Ruiru aliitengeneza mwenyewe kwa kadibodi, na mara ya kwanza nilipoiona nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu begani nikashindwa hata kuingia, maana madirisha yalikuwa na ukubwa wa punje ya mchele na kila moja lilikuwa na vioo vyake vinne. Mtu ambaye nilizoea kumwona akirudi na grisi kwenye kucha. Nikamwuliza ni nani alimfunza. Akasema ametazama hayo madirisha kila siku, angekosaje kuyajua.

Alifariki kabla hajamaliza sehemu ya katikati.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni nikihesabu sahani, na watu walisema Wambui ana moyo mgumu, nami nikawaacha waseme. Mwaka ukapita hivyo. Kisha mjane wake, tunayemwita Mama Shiro, akatuambia kwamba mwisho wa mwezi anatoka kwenye nyumba ile ya kupanga na kurudi kwao Gatundu, na huko hakuna chumba cha kuweka milango miwili yenye reli juu. Kulikuwa na nafasi moja tu. Mwalimu Nyambura, ambaye tunasali naye na ambaye anafundisha jiografia katika shule moja ya Ruiru, alisema anaweza kuichukua ikae darasani kwake, lakini mwalimu mkuu ameshasema hataki kazi ya kumaliziwa, anataka kitu kilichokamilika. Angekuja siku ya ukumbusho wa mwaka mmoja, Jumamosi, aitazame na kuandika ripoti yake papo hapo. Akiikataa, Jumatatu yake milango ingerudi kuwa milango na foamu ingekwenda jaani, na hapo ndipo kazi ya mwisho ya mikono ya Gitau ingeishia.

Nikasema nitaimaliza mimi. Nani mwingine? Nikaomba siku tatu kazini, nikaja na ndoo yangu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia, kwa sababu halikuanzia kwenye filla. Lilianzia mlangoni. Asubuhi ile ya kwanza Mama Shiro alinifuata hadi chumba cha nyuma, akaniuliza kama nataka aniambie jinsi Baba Shiro alivyokuwa akitaka iwe, nami nikamwambia aende tu akapumzike, kazi naijua, nikafunga mlango. Alibisha tena mchana. Nikamjibu nikiwa ndani, kwamba niko sawa. Ukweli ni kwamba niliogopa nikifungua nitauona uso wake, na nikiuona nitalia, na nikianza sitajua kuacha. Kwa hivyo nikafunga mlango, na kwa kufunga mlango nikamfungia nje mtu pekee ambaye angeniokoa.

Nilipowasha taa na kuiangalia ile sehemu ya katikati, moyo uliniuma kama fundi. Foamu ilikuwa imepangwa ovyo. Kipande kimoja kinene, kinachofuata chembamba, na vyote vimeinamia mbele, upande wa dirisha juu na upande wa mlango chini, kana kwamba aliipima kwa macho tu. Na nyufa. Nyufa tatu kubwa zilizokatiza meza kutoka nyuma hadi mbele, hata hazikunyooka, zinakwenda zikipinda, nyembamba huko nyuma na pana huku mbele, mmoja uliingia vidole vyangu vinne. Chini kabisa ndani yake alikuwa amebandika vipande vya nailoni, nikajisemea labda ni vya kuzuia unyevu. Kandokando yake kulikuwa na namba za penseli, namba kubwa za maelfu, nikadhani ni hesabu za mambo yake mengine, maana mtu akishika penseli huandika popote. Nikafikiri, maskini, mwisho mwisho mikono ilikuwa inatetemeka, kisu kilimshinda. Nikamhurumia. (Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata. Kwamba nilimhurumia.)

Basi nikamrekebishia. Palipopanda nilikata kwa kisu cha mkate, na foamu ikikatwa hulia sauti ya kutia ganzi meno, na chembe zake hurukia nywele na nguo na kukataa kutoka, nikawa kama mtu aliyenyonyoa kuku wa mtaa mzima. Palipoinama nilinyanyua kwa kadibodi. Zile namba nilizipitisha msasa mpaka zikaisha. Nyufa nilizishindilia magazeti, kisha nikajaza filla juu yake, na hapa nikiri kosa la pili, la aibu zaidi kwa mtu wa kazi yangu: filla ya ndani ya nyumba huwekwa tabaka jembamba, likauke, uongeze jingine, na ufa wa vidole vinne ungehitaji wiki nzima. Mimi nilijaza mara moja mpaka juu, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Jumamosi haingoji mtu. Ijumaa uso wake ulikuwa umekauka, ukigonga unasikika mgumu. Ndani ulikuwa uji, na nilijua, na nikaupaka rangi ya kijani nikalaza reli juu yake.

Nikaweka pima maji. Kile kipovu cha hewa kikaja katikati kikatulia. Nikaihamisha huku, kikatulia, nikaihamisha kule, kikatulia. Nilipiga magoti nikaweka jicho usawa wa meza nikaiona kutoka Ruiru hadi Thika, imenyooka, haina tundu wala bonde, na niseme kweli, nilijiona fundi. Nilifungua mlango nikamwita Mama Shiro aone. Alisimama akaangalia kwa muda mrefu, akasema imekuwa safi sana. Sasa najua alichokuwa akisema. Wakati ule nilisema asante.

Jumamosi wakaja watu. Wanaume sita waliibeba meza ile kutoka chumba cha nyuma hadi chini ya hema, watatu kila upande, polepole, na kwa sababu ya urefu wake na jinsi walivyoishika, watu wote uani walinyamaza bila kuambiwa. Nyasi haziko sawa, kwa hivyo wakati kwaya inaimba pambio mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza nikiweka vijiwe kwenye miguu na kukagua pima maji (kuna picha ya simu inayoonyesha kwaya imefumba macho na nyuma yao makalio yangu). Kando yake kulikuwa na meza ya heshima yenye kitambaa cheupe, picha ya Gitau ndani ya fremu, maua, na chupa za maji za pasta. Mwalimu Nyambura alikaa mstari wa mbele, sketi ya rangi ya maziwa, faili mapajani.

Alikuwepo pia Mzee Ouma, aliyetembea reli na Gitau miaka yote ile, ametoka Ruiru na suti yake ya kaki. Kabla ya ibada alikuja akaizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, akainama akachungulia ubavuni, akaniuliza kwa upole kama imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Akasema aah, akaenda akakaa, lakini macho yake yakawa yanarudi pale pale kama mtu aliyeweka miwani mahali akaikosa.

Pasta alinisifu mpaka nikataka kuzama. Akasema dada amechukua kazi ya kaka yake na kuikamilisha, akaniita niseme neno, mimi ambaye sijui kusema neno. Nikasimama, nikashika maiki mbali na mdomo, nikasema, "Alikuwa ameacha mapengo. Mimi nimeyaziba tu."

Watu wakapiga makofi. Mama Shiro akabonyeza treni, ikatoka Ruiru taratibu, ikapita katikati bila kuyumba, ikafika Thika, makofi tena, na Mwalimu Nyambura akafungua faili lake akatoa kalamu. Nakumbuka ile kalamu kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Ilikuwa imeshagusa karatasi.

Hapo ndipo Maitu, mama yetu, aliposimama na jagi la maji.

Mama yetu amepita miaka themanini na akisimama huwa hakuna anayemwuliza anakwenda wapi. Alipita kando ya viti, leso imefungwa kiunoni, jagi limejaa, akaja hadi nyuma ya meza upande wa kule juu. Pasta alikohoa. Nilijua anafikiria nini, na nusu ya hema ilikuwa ikifikiria hilo hilo, kwamba huyu mzee anataka kumwagia wafu kinywaji kama watu wa kale, na hapa ni ibada. Mzee mmoja wa kanisa alianza hata kuinuka. Lakini Maitu hakuwa na habari naye. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo Mama Shiro alikuwa amebisha mlango mara mbili ili aniambie, ni kwamba kila Jumapili baada ya kanisa Gitau alikuwa akimketisha mama yake kwenye chumba kile, akimpa kikombe cha maji na kumwambia, Maitu, lete mvua. Naye alikuwa akimwaga huko nyuma, kwenye milima. Siku hiyo alileta jagi zima kwa sababu watu walikuwa wengi.

Akamwaga.

Maji yalifanya yale ambayo maji hufanya juu ya sakafu iliyosawazishwa na fundi mzuri. Hayakwenda popote. Yalisimama, yakatanuka, yakawa shuka moja linalong'aa kutoka stesheni hadi stesheni, kisha yakaamua kushuka pande zote kwa pamoja. Treni ikazimika. Viatu vya pasta vikalowa. Mimi nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba filla haijakauka, nikaruka nikaanza kuyasukuma maji kwa viganja, na kila nilipopapasa rangi ya kijani ikachubuka na ile nyeupe ya chini ikaanza kunifuata mikononi kama maziwa lala. Nikatafuta kitambaa. Nikavuta kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kitambaa cha meza ya heshima, kikaja na maua, kikaja na chupa za pasta, na picha ya Gitau ikaruka ikaanguka chali katikati ya ule uji. Nikaiokota. Nikampangusa uso kwa mkono wa sweta, nikasahau mkono wenyewe ulivyo, na nilipoinua fremu watu waone kwamba iko salama, ndugu yangu hakuwa na macho wala pua. Nilikuwa nimempiga skimu. Laini kabisa, kazi safi.

Kuna mtu nyuma alicheka, akajiziba mdomo, na hiyo ikawa mbaya zaidi kuliko kama angecheka mpaka mwisho.

Maitu alikuwa bado amesimama na jagi tupu. Aliangalia meza, akaniangalia mimi.

"Wambui," akasema, "ni nani amefunga mto?"

Sikumwelewa. Nilifikiri ni uzee. Ni Mzee Ouma aliyesimama na kuja mbele, akaweka kidole chake kikavu juu ya ile kijani iliyochubuka, mahali ufa ule mpana ulipokuwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, lakini maiki niliyoitupa kwenye kiti cha karibu ilikuwa bado imewashwa na hema lote likasikia. "Hapa ni Ndarugu, dada. Hapa kuna daraja. Tulikuwa tunakaa chini yake kula."

Nikaangalia mahali alipoweka kidole, kisha nikaangalia zile sehemu nyingine mbili. Nyembamba nyuma, pana mbele. Zinakwenda zikipinda. Nailoni chini. Mtu ambaye alikata dirisha la punje ya mchele likawa na vioo vinne, nami niliamini kisu kilimshinda kunyoosha ufa.

Na hii sasa ndiyo ile sehemu ambayo wanaosimulia huiruka.

Maji yale yaliyokuwa yamesimama juu yalikuwa yakinywewa polepole na filla. Ilianza kwenye kidole cha Mzee Ouma. Palibonyea kidogo, kama tumbo la mtu anayeshusha pumzi, kisha pakakatika, na uso wote mgumu nilioupaka ukazama kipande kwa kipande kufuata mpindo ule ule, kutoka nyuma kuja mbele, na maji yaliyokuwa yametapakaa mezani yakageuka. Sijui niseme vipi. Yaligeuka kama watu walioitwa. Yakaacha pembe zote yakaja hapo, yakaingia, yakasukuma magazeti yangu mbele, yakakimbia ndani ya ule ufa, meupe kwanza, kisha ya kijivu, mpaka yakafika ukingoni yakamwagika yote kwenye sketi ya rangi ya maziwa ya Mwalimu Nyambura na faili lake. Hakusogea. Hakuna aliyesogea. Ufa wa pili ukafunguka, na Mzee Ouma akasema, "Theta hiyo." Kisha ule mdogo wa mwisho, ambao haukuwa na haraka, ulitoboka katikati kwanza, ukafikiri, ukaendelea. Akasema hicho ni kijito cha Mugutha. Ninakoishi mimi. Ninakiruka kila asubuhi nikienda kazini, na sikukitambua mahali ndugu yangu alipokiweka.

Watu walikuwa wamesimama bila kujua wamesimama saa ngapi. Ile kwaya, pasta na soksi zake zilizolowa, akina mama na vijiko mikononi, wote wakitazama mito mitatu ya upana wa mkono ikitiririka kwenye milango ya zamani uani Ngoingwa, na hakukusikika kitu ila maji yakidondoka kwenye nyasi. Nimefanya kazi na maji maisha yangu yote, nachanganyia filla, naoshea ndoo, na sikuwahi kuyaona yakijua njia. Maitu alianza kutabasamu kwa midomo iliyofungwa. Alizaliwa karibu na Ndarugu, alichota maji yake akiwa msichana. Alinyoosha kidole akakichovya.

Mwalimu Nyambura ndiye aliyesema kwanza. Aliinua karatasi yake iliyolowa, wino umekimbia, akaniambia, "Nilikuwa nimeshaandika kwamba imekamilika."

Nikamwambia najua.

"Sasa siwezi kuandika hivyo."

Nikasema najua, na nikajua kweli, kwamba nimeua kitu cha mwisho alichoacha, kwa mikono yangu, kwa kiburi cha kipovu cha hewa. Nikawa natafuta mahali pa kuweka ile fremu. Lakini alikuwa bado hajamaliza, alikuwa amevua viatu na kuchuchumaa na sketi yake ile, akichungulia ndani ya Ndarugu kwa usawa wa jicho, jinsi mimi nilivyochungulia siku iliyotangulia nikafurahia ubapa. Akamwuliza Mzee Ouma kama ni kweli mteremko huo wa mito, ambao kisu changu hakikuufikia, ni wa ardhi yenyewe, kule panapoinuka na huku panaposhuka. Mzee Ouma akasema yeye alipanda hapo na nyundo, magoti yake ni mashahidi. Kisha akauliza ziko wapi namba.

Nikasema namba zipi, ingawa nilishajua.

Akaeleza kwamba Gitau alikuwa mtu wa kuhesabu. Yeye Ouma alikuwa akipiga stori njia nzima na Gitau akiitikia mmh, mmh, kumbe anahesabu hatua, kutoka stesheni hadi mto, kutoka mto hadi mto, na alikuwa ameziandika zote kandokando hapo ili vipimo vya meza vilingane na vya nchi. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba nilizifuta kwa msasa. Mama Shiro alikuja akanishika kiwiko, filla na yote, akasema kwa sauti ya kusikika na mimi tu, "Nilibisha, Wambui."

Nikasema nilimsikia.

Mwalimu Nyambura alisimama, akakamua upindo wa sketi, akasema ataichukua. Ataichukua na mito yake ikiwa wazi, na mwalimu mkuu ataeleweshwa, hiyo ni juu yake. Lakini bila namba ni mchezo wa kuangalia tu, na yeye anataka wanafunzi wapime. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nizirudishe. Nikamwambia aliyezijua amekufa. Hapo Mzee Ouma akaniangalia miguuni, kwenye vile viatu vyangu vya kanisa vilivyojaa filla, akaniuliza kama nina viatu vya kutembea.

Siku hizi nikiitwa kwenye nyumba yenye ufa, kabla sijafungua mfuko namtafuta mwenye nyumba nimwulize ufa huu umetoka wapi, na wenzangu kazini hunicheka, wanasema Wambui sasa anahoji kuta. Wacheke. Na mtu akibisha mlango nafungua, hata nikiwa na uso wa namna gani.

Tulianzia stesheni ya Ruiru, mimi na Mzee Ouma, Jumamosi iliyofuata asubuhi. Nilikuwa nimemwambia haitafaa, miguu yangu ni mifupi, Gitau alikuwa mrefu, hatua zangu zitatoa namba nyingine. Tukapanda juu ya njia. Ndipo akanionyesha mataruma, yale yanayolala chini ya reli, moja baada ya jingine hadi macho yanapoishia, na akasema kwamba mtu wa reli hakanyagi mawe, anakanyaga taruma, taruma moja hatua moja, awe mrefu awe mfupi, njia ndiyo inayokupa hatua. Nikaweka mguu kwenye la kwanza. Kisha la pili. Na nikaanza kuhesabu kwa sauti, na kila nilipokanyaga nilijua kwamba ndugu yangu aliweka mguu hapa, si karibu na hapa.

Tulivuka kijito, nikaandika namba. Tulivuka Theta, nikaandika namba. Mahali fulani kati ya Theta na Ndarugu, jua likiwa limepanda na hakuna mtu ila sisi wawili, nililia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, na miguu inaendelea kutembea, na Mzee Ouma akitembea nyuma yangu na kofia mkononi. Nilipotulia nilimwuliza tumefika ngapi, akaniambia hajui, si yeye aliyekuwa akihesabu.

Kwa hivyo tukarudi Theta, tukaanza tena.